Swali la Nne na Uzio wa Upande wa Mtoni

RISALA YA WANAFUNZI WA KALKULASI YA AWALI, CHUO CHA BONDENI, KAMPASI YA IFAKARA, KWA MGENI RASMI, DKT. FAUSTA TEMBA, NAIBU MKUU WA CHUO (TAALUMA), SIKU YA UFUNGUZI WA MAKTABA

Mgeni rasmi, shikamoo.

Tumeanza na shikamoo kabla ya vyeo kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Vyeo vinafuata: Dkt. Fausta Temba, Naibu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kampasi, wakufunzi wetu, wale waliopo ukumbini na yule asiyekuwepo, wazazi na walezi, mama lishe wetu, ambao harufu ya pilau yao imeshaanza kuwaondolea watu utulivu, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

KUKUKARIBISHA

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni rasmi, sisi tumeanza kupona tangu Jumatatu. Ilipotangazwa kwamba unakuja, popo waliokuwa wakiishi kwenye dari la ukumbi huu walihamishwa. Bomba la karibu na mabweni likatoa maji. Mlango wa ofisi ya mikopo, uliokuwa na kitasa cha kubabaisha, sasa unafungwa na kufunguka. Tungependa uwe unatutembelea kila mwezi, hata kama huna la kufungua.

Tunakushukuru kwa maktaba. Tumechungulia dirishani tukaona rafu mpya na meza ndefu, na baadhi yetu tumeshagawana sehemu za kukaa bila kuuliza mtu.

Kabla hatujaendelea, tuna la kukiri. Mkuu wa Kampasi alituita ofisini akatupa maelekezo matatu kuhusu risala hii: iwe fupi, iwe ya furaha, na isiguse matokeo ya mtihani wetu wa mwezi Mei, kwa kuwa yako mezani kwa Bodi ya Mitihani, ambayo wewe mwenyewe utaiongoza Ijumaa. Tunamheshimu Mkuu wetu na tumeyazingatia yote. Kuhusu ufupi, tumejitahidi. Kuhusu furaha, utapima mwenyewe. Kuhusu matokeo, hatutayagusa kabisa. Tutazungumzia uzio tu.

HISTORIA FUPI YA DARASA

Darasa la Kalkulasi ya Awali lilianza Oktoba mwaka jana likiwa na wanafunzi arobaini na watatu. Wiki ya kwanza mmoja aliugua, akarudishwa kwao, na mwingine aliutazama ubao kwa dakika ishirini, akafunga begi taratibu na kuhamia kozi ya kilimo. Tukabaki arobaini na mmoja. Wengine tumetoka kidato cha sita mwaka juzi. Wengine ni walimu wa shule za msingi tuliopewa ruhusa ya masomo, tukaacha watoto nyumbani na madarasa yetu kwa wenzetu. Yumo Theodori, aliyemaliza mafunzo ya JKT kambi ya Chita na bado anapiga saluti akiitwa ubaoni. Yumo Limbu, ambaye wazazi wake walishuka bondeni na ng'ombe wao kutoka Usukumani kabla hajazaliwa. Yumo Philomena wa Viwanja Sitini, binti wa wakulima wa mpunga tangu babu wa babu.

Mkufunzi wetu ni Mwalimu Maximilian. Siku ya kwanza aliingia na baiskeli. Tulidhani anaogopa kuibiwa. Akaigeuza juu chini mbele ya darasa, akazungusha pedali kwa mkono, akauliza: "Mguu ukizunguka mara moja, tairi inazunguka mara ngapi?" Tukahesabu meno ya gia, moja baada ya jingine, na mikono ikaingia girisi. Baadaye, tulipofika kwenye ile kanuni ya mnyororo ambayo mwaka uliotutangulia iliwaliza watu, sisi tuliipokea kama jirani. Tulikuwa tumeshaishika kwa mikono.

Ndivyo alivyofundisha mwaka mzima. Limiti alitufundisha kwa safari ya kwenda Lupiro: unaenda nusu ya njia, kisha nusu ya iliyobaki, kisha nusu ya iliyobaki tena. Limbu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa tunafika au hatufiki?"

"Tunakaribia, Limbu. Tunakaribia kadiri tunavyotaka."

"Basi mwalimu, hata mimi nakaribia kuelewa."

Kasi ya papo hapo tulijifunza kwa bodaboda. Bodaboda nyingi za huku mshale wa spidi ulikufa zamani, kwa hiyo Mwalimu alipima hatua kandokando ya barabara, akasimamisha mwanafunzi na simu kila baada ya mita kumi, na dereva akapita. Dereva aliporudi alisema hajawahi kutazamwa na watu wengi hivyo tangu siku ya harusi yake. Eneo lililo chini ya mstari uliopinda tulijifunza shambani, kwa kamba na vijiti, tukikata shamba vipande vyembamba kama tunavyokata mkate wa wageni wasiotarajiwa. Na ile C ya namba isiyojulikana inayoongezwa mwisho wa jibu, ambayo kila mwanafunzi duniani huisahau, aliidai kwa wino mwekundu mpaka kuna aliyeandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio akaongeza C kwa tahadhari.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, katika majaribio manne ya mwaka, darasa lilipanda kutoka wastani wa alama thelathini na moja hadi hamsini na nane. Mwaka uliotutangulia kozi hii ilipitisha watu kumi na mmoja tu, na wengine wanaitaja mpaka leo kwa kushusha sauti. Sisi tuliitaja kwa sauti ya kawaida hata mbele za watu.

Mafanikio mengine hayamo kwenye karatasi. Mwezi Februari tuliitwa na mama mmoja mjane, Mama Theresia, ambaye shamba lake limekunjwa na mto kwa upande mmoja kama kiwiko. Shemeji zake wawili walikuwa wanagombania ukubwa wake na kila mmoja alikuja na mtu wake wa kupima. Tulikwenda na kamba, tukakata vipande vya mita mbili mbili kuanzia mpakani hadi ukingoni mwa mto, tukajumlisha. Shemeji wa kwanza alipima upya kwa njia yake akatofautiana nasi hatua chache tu. Ugomvi ukaisha. Mama Theresia alitupa ndizi mikungu miwili na kutuuliza kama hesabu hizo zinaweza pia kumpimia mtu maneno ya shemeji.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni vitabu. Tuko arobaini na mmoja kwa vitabu sita. Tunashukuru kwa hivyo sita, lakini lazima tuseme jambo kuhusu watu waliomo ndani yake. Kwenye kila sura kuna mtu ameegemeza ngazi ukutani na ngazi inateleza. Yeye hashiki ngazi. Anataka tumwambie inateleza kwa kasi gani. Ukifungua ukurasa unaofuata kuna mwingine anajaza maji kwenye tanki huku tanki linavuja, na badala ya kuziba anauliza litajaa saa ngapi. Sisi tulijibu kama tulivyotakiwa, lakini Philomena kila mara aliandika pembeni kwa penseli, "Kwanza azibe," na Mwalimu aliacha hiyo penseli ibaki.

Changamoto ya pili ni viti, na wakati wa kuvuna ni mahudhurio, maana mpunga hausubiri ratiba ya chuo. Changamoto ya tatu ni umeme. Hizo za kawaida utazikuta kwenye kila risala, na tunaomba uzichukulie kama salamu.

Changamoto ya nne ni hiyo ya uzio. Wazee wanasema mficha uchi hazai, kwa hiyo tutaieleza yote, na Mkuu wa Kampasi atutazame kwa huruma.

Mwezi Mei tulikutana na swali, mahali fulani, ndani ya chumba chenye wasimamizi. Lilikuwa swali la nne. Kwa Kiswahili lilisema hivi: mkulima ana waya wa uzio wa mita mia nne. Anataka kuzungushia shamba la mstatili lililo kando ya mto ulionyooka. Upande wa mtoni hauhitaji uzio. Tafuta eneo kubwa kabisa analoweza kupata.

Mgeni rasmi, tulilisoma. Kiingereza chake tulikielewa. Hatukuliamini.

Kwanza, mto ulionyooka. Sisi tumezaliwa kando ya Mto Kilombero. Umepinda hapa, umezunguka kule, mwaka huu uko kwa huyu na mwaka kesho umehamia kwa jirani. Hilo tulisamehe, kwa sababu mtunzi wa swali anaweza kuwa na mto wake. Lakini upande wa mtoni kutohitaji uzio! Kila mtoto wa bonde hili anajua kwamba ukiwa na waya kidogo, unaanza nao mtoni. Upande wa barabarani atapita binadamu, na binadamu unaweza kumsemesha. Upande wa mtoni anatoka kiboko. Anatoka jioni, ana njaa, ana familia, na anakula mpunga wa miezi mitano kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Wengi wetu tumekulia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, tukipiga debe kumfukuza. Kuna wakati yeye ndiye aliyetufukuza.

Basi watu thelathini na wanane kati yetu, kila mmoja kwenye dawati lake na bila kumtazama jirani, walimwekea mkulima yule uzio pande zote nne. Baada ya hapo tulifanya kalkulasi kama tulivyofundishwa. Tuliandika eneo, tukatafuta mteremko wake, tukausawazisha na sifuri, tukapata mita mia moja kwa mita mia moja, yaani mita za mraba elfu kumi. Jibu la kitabu ni elfu ishirini. Tulimnyima mkulima ekari mbili na nusu, na hatukuzinyima kwa furaha. Tulijua tunapunguza shamba. Tuliona afadhali ekari mbili na nusu zenye mpunga kuliko tano zenye kiboko.

Waliopata elfu ishirini ni watatu. Careen ametoka Dodoma, na mito ya kwao mara nyingi unaivuka kwa viatu. Limbu aliacha upande wa mtoni wazi ili ng'ombe wapate kunywa maji, akapata alama zote kwa sababu ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Wa tatu ni Omega, ambaye alifuata tu maelekezo ya swali, jambo ambalo tumekaa naye na kulijadili.

Msahihishaji aliyeko makao makuu, mtu makini ambaye hatumlaumu, alifungua karatasi ya kwanza akakuta elfu kumi. Ya pili, elfu kumi. Ya tatu, elfu kumi. Alipofika ya kumi na tano akaanza kushuku, na alipomaliza zote akaandika barua. Barua inasema kuna "mfanano usio wa kawaida" na inapendekeza mtihani wote ufutwe kwa udanganyifu. Na kwa kuwa darasa zima haliwezi kudanganya pamoja bila mtu mmoja wa kuwapa jibu, Mwalimu Maximilian ameambiwa abaki nyumbani mpaka Bodi ikae. Kwa hiyo leo hayupo ukumbini, na mnachokiona kwenye kiti chake ni begi la mtu.

Mgeni rasmi, tunakubali kwamba tulifanana. Lakini kilichotufananisha ni kalkulasi yenyewe. Ukishazungushia pande nne, shamba kubwa kuliko yote ni la mraba, na mtu yeyote anayejua kazi atafika hapo hapo. Watu thelathini na wanane wakijumlisha mbili na mbili wakapata nne, hakuna anayeandika barua.

Tunasema pia kwamba ushahidi uko ndani ya karatasi hizo hizo, chini ya jibu, mahali ambapo msahihishaji hakufika. Wengi wetu tuliona aibu kubadilisha swali la watu bila kujieleza, tukaandika sababu. Philomena aliandika kwa Kiingereza, "Sir, there is hippo," akachora na picha yake, na wanaojua wanasema ni picha nzuri. Theodori aliandika kuhusu mafuriko, akaongeza mchoro wa nguzo za kuimarisha upande huo, na upana wa mashimo kwa sentimita. Mwingine aliandika kuhusu mamba na watoto wanaochota maji. Mwingine aliandika kuhusu shemeji anayekuja kwa mtumbwi. Mwenye kunakili hunakili mpaka nukta. Sisi jibu ni moja na kila mtu ana mnyama wake.

Jumapili baada ya misa, sita kati yetu tulikwenda kumsalimu Mwalimu nyumbani kwake Viwanja Sitini. Tulimkuta uani anaziba pancha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu kaeni. Hilo swali la nne, mlipatwa na nini?"

Philomena ndiye aliyesema. "Mwalimu, kiboko."

Mwalimu alicheka mpaka akaweka chini pampu. Akacheka tena. Mke wake akatoka ndani kuangalia kuna nini, akaambiwa, na yeye akaketi kizingitini. Halafu Mwalimu akauliza taratibu:

"Lakini swali lilisema upande wa mtoni hauhitaji uzio."

"Lilisema, mwalimu."

"Na nyie mkaona mnajua kuliko swali."

"Ndiyo, mwalimu."

Alizungusha tairi kwa kidole. "Kosa ni langu," akasema. "Mwaka mzima nimewafundisha kwa mto huu huu na mpunga huu huu. Sikuwaambia kwamba kwenye karatasi mto ni mstari tu, hauna kitu ndani."

Mgeni rasmi, huyo ndiye mtu anayesemwa kwamba alitupa jibu. Kama angetupa jibu, si angetupa lililo sahihi? Hilo ndilo tunalowauliza wenye busara. Mtu aibe ufunguo wa ghala halafu afungue stoo ya jirani!

Tuna uchungu, na tunausema wazi kwa sababu tumeambiwa risala iwe ya furaha na tunaona utani peke yake utakuwa uongo. Tulikuwa watu wa kuogopa hesabu. Yeye alitutoa huko, na sasa anakaa uani siku za kazi huku wanafunzi wake wanamsomea mgeni risala.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni dogo. Kabla ya Ijumaa, tunaomba zile karatasi zisomwe mpaka mstari wa mwisho. Kama kuna watu wawili walioandika maneno yale yale, tutanyamaza.

Ombi la pili. Tumesikia tetesi, na hatuna hakika, kwamba aliyetunga swali la nne yumo ndani ya ukumbi huu na amekaa kwenye kiti pekee chenye kitambaa cheupe. Kama tetesi ni za uongo, tusamehewe. Kama ni za kweli, tunamkaribisha baada ya pilau aende nasi mpaka ukingoni, aone mashamba yaliyozungushiwa na aangalie uzio umeanzia wapi. Limbu atatangulia. Kiboko hatuwezi kukuahidi, maana ana ratiba yake, ila nyayo zake zipo na ni kubwa.

Ombi la tatu ndilo lililotukalisha kikao mara tatu.

Kikao cha kwanza Theodori alisimama, akapiga saluti kwa mazoea, akasema tuombe alama za njia. "Jibu tumekosa, sawa. Ila njia si tumefuata? Mteremko tumetafuta, sifuri tumeweka. Hapo kwenye alama ishirini hatukosi kumi na mbili." Alikuwa na haki, na wengi tulipiga makofi.

Kikao cha pili Omega aliomba kusema. Tulimwangalia vibaya kidogo kwa sababu ya zile alama zake. Akasema: "Jamani, tukienda kule tunaomba alama, watatuona tuko sokoni. Watasema hawa wanajipigania wenyewe, na mwalimu atabaki kule kule. Swali lilisema hauhitaji. Sisi... nyie, mliweka. Hilo kosa ni la kwenu, mlibebe." Hakuna aliyempenda Omega jioni ile.

Kikao cha tatu tulipiga kura, na mikono arobaini na mmoja ikanyooka, pamoja na wa Omega, ambaye hakuwa na cha kupoteza, na wa Theodori, ambaye alikuwa nacho.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tunaomba sifuri.

Tunaomba sifuri ya swali la nne, watu thelathini na wanane, alama zote ishirini zikatwe. Hatuombi za njia. Tuliambiwa jambo na swali, tukaliona halijui mto, tukafanya letu. Hilo ni kosa la mwanafunzi, na mwanafunzi hulilipa kwa alama. Ila tunaomba kalamu nyekundu iandike sifuri, isiandike "umefutwa". Sifuri ni ya mtu aliyekosa. Kufutwa ni kwa mtu aliyeiba, na ukishasema darasa zima limeiba, lazima umtafute aliyewafungulia mlango, na hapo mnamkuta Mwalimu Maximilian ambaye hakufungua kitu. Tukipewa sifuri, yeye hana kesi. Tunaomba Jumatatu awe darasani, maana mwaka wa pili kuna kalkulasi nyingine na tunasikia hiyo ina mito mingi zaidi.

Tumeshapiga hesabu ya sifuri hiyo. Ishirini na tisa kati yetu watapita hivyo hivyo, wakiwa wamechubuka. Tisa watashuka chini ya arobaini na watakwenda sapu, yaani kurudia mtihani, mwezi Septemba. Kati ya hao tisa yumo Theodori, aliyekwisha kuandikia nyumbani kwamba amefaulu. Yumo Philomena na kiboko wake. Yumo mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Lupiro ambaye ruhusa yake ya masomo inaisha mwisho wa mwezi huu, na aliyekuwa amewaahidi watoto wa darasa la sita kwamba Julai anarudi na cheti cha mwaka wa kwanza mkononi. Atarudi mikono mitupu, atafundisha mchana, na Septemba ataomba ruhusa nyingine kwa mkuu wa shule ambaye hapendi kuombwa. Wote tisa waliulizwa kila mmoja peke yake kama wanataka kura irudiwe. Walikataa.

TAMATI

Mgeni rasmi, tunakuombea maktaba uliyotufungulia ijae watu kabla haijajaa vitabu. Mungu akurudishe salama kwako, akupe Ijumaa yenye subira na macho ya kusoma mpaka chini ya ukurasa. Awape wavunaji wetu jua la wiki tatu, na awape viboko majani ya kutosha huko huko waliko. Mkuu wa Kampasi, Mungu akujalie kutusamehe. Hatukutaja matokeo, tumetaja uzio, na kama uzio umefika mbali, ni kwa sababu waya ulikuwa mrefu.

Tumewaomba wale tisa wasimame, ili ukikaa kwenye Bodi usiwe unakatia alama namba tu. Tafadhali wahesabu. Utaona wamesimama wanane. Usidhani mmoja ameingia woga. Wa tisa amesimama tangu mwanzo, ndiye anayekusomea.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kalkulasi ya Awali, Kampasi ya Ifakara, wote arobaini na mmoja.

Imesomwa kwa niaba yao na Evelina wa Lupiro, Katibu wa Darasa.